Mama Mboga Hakuuchafua Mto Voi

Nenda kwenye baraza lolote hapa Kaloleni, Kaloleni ya Voi na si ile ya Kilifi, uulize kwa nini mto umegeuka jaa. Jibu utalipata kabla hujakaa vizuri: ni sisi wenyewe. Watu wetu hawana ustaarabu. Mtu anamvua mtoto nepi anairusha mtoni, anamwaga maji ya kufulia popote, anakula ndizi ganda linabaki njiani. Serikali nayo ifanye nini, imwekee kila mtu askari? Wazee huitikia kwa kichwa, vijana husema ni kweli, na afisa aliyekuja huandika kwenye daftari lake kwamba wananchi wanahitaji kuhamasishwa. Kisha sala, kisha watu hutawanyika.

Nimeisikia kauli hiyo kwa wanasiasa na walimu, msikitini na kanisani, redioni, na hata kutoka vinywani mwa akina mama wenyewe wanaolaumiwa. Imezoeleka mno hata hakuna anayeihoji. Mimi naikataa. Sisemi kwamba watu hawatupi taka mtoni. Wanatupa, na mwenye shaka ateremke akajionee. Ninachokataa ni ile hatua inayofuata, ya kudai kwamba kwa kuwa mkono uliotupa ni wa mwananchi, basi na jukumu la kuzuia na kuzoa ni lake. Jukumu hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ametajwa kwa maandishi.

Ametajwa kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Hapo kaunti zimepewa kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa na kutupa taka ngumu. Zimepewa pia huduma za maji na za majitaka. Baraza la Manispaa ya Voi lilipovunjwa mwaka 2013 pamoja na mabaraza mengine yote nchini, kazi zake hazikuvunjwa. Zilihamia kwa serikali ya kaunti, pamoja na haki ya kutoza ushuru. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaja kukazia jambo lilelile: kaunti ndiyo yenye wajibu wa kupanga taka zikusanywe, zitenganishwe na zitupwe wapi na vipi. Hakuna kifungu kilichompa kazi hiyo mwanamke anayeuza sukuma wiki.

Na tumwangalie huyo mwanamke, maana ndiye anayetajwa kila mara. Anafika sokoni alfajiri. Hajauza hata fungu la kwanza, mtoza ushuru amepita; analipa, anapewa risiti, anaifunga kwenye pindo la leso. Jioni amebakiwa na majani yaliyonyauka, nyanya zilizopasuka na maganda ya vitunguu, vyote ndani ya gunia. Pipa likiwa karibu na likizolewa kila siku, gunia litaishia pipani, kwa kuwa hakuna mtu anayependa kutembea na mzigo unaonuka. Pipa likiwa halipo, au likiwa limefurika tangu wiki iliyopita na mbwa wamekwisha kulipindua, gunia litaenda kule ambako maji ya mvua huenda. Tofauti ya jioni hizo mbili haimo moyoni mwa mama huyu. Imo kwenye ratiba ya lori. Asubuhi alilipia huduma, jioni hakuiona, na Jumamosi barazani anaambiwa kwamba yeye ndiye mchafu. Dhuluma hii tumeizoea hadi haituchomi.

Watanijibu kwamba hata ukiweka mapipa mia moja, tabia ni tabia. Hapo ndipo hoja yao inapoanguka, kwa sababu Wakenya tumeziona tabia zikigeuka, tena upesi. Kabla ya Februari 2004 kila mtu alijua kwamba matatu haiwezi kwenda bila abiria kubanana na wengine kuning'inia mlangoni. Ndivyo Wakenya walivyo, ilisemwa. John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, akaleta masharti yake: mikanda, vidhibiti mwendo, kila abiria na kiti chake, na magari yasiyotimiza yakazuiwa barabarani. Katika majuma machache watu walewale walikaa wakafunga mikanda. Usimamizi ulipolegea miaka iliyofuata, kubanana kukarudi. Watu walikuwa walewale nyakati zote tatu. Kilichobadilika ni kama kuna mtu anayesimamia au hayupo.

Mifuko ya plastiki ni hivyohivyo. Hadi Agosti 2017 mifuko hiyo ilining'inia kwenye kila mchongoma kutoka Mackinnon Road hadi Mtito Andei, na wataalamu wa tabia zetu walisema Mkenya hawezi kwenda sokoni bila mfuko. Marufuku ilianza tarehe 28 mwezi huo, pamoja na faini ya mamilioni na kifungo kwa anayetengeneza au kuuza. Siku hizi mtoto akitumwa dukani hubeba kikapu bila kufundishwa na mtu. Haikuhitajika semina ya kila nyumba. Ilitosha kufunga bomba mahali linapofungukia.

Wala hatuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta mifano. Juu kwenye Milima ya Taita, yanakotoka maji ya mto huu, wazee walichimba mifereji ya kunyweshea mashamba tangu kabla ya reli kufika Voi. Mfereji ulikuwa na zamu zake za maji, na kazi ya kuuzibua ilikuwa ya kila aliyeutumia. Aliyekwepa alijibu mbele ya wenzake. Ulidumu kwa kuwa ulikuwa na wasimamizi waliojulikana kwa majina na kwa sura, ambao mtu aliweza kuwaendea maji yasipofika shambani kwake. Wajukuu wa watu hao, na wajukuu wa walioletwa hapa na reli, ndio tunaoambiwa leo kwamba uchafu umo damuni mwetu.

Iko hoja nyingine ambayo haisemwi kwa sauti barazani lakini inafanya madhara makubwa kuliko ile ya kwanza: kwamba Mto Voi si mto hasa. Miezi mingi ya mwaka ukisimama darajani unaona mchanga mtupu, punda wakikatiza, watoto wakicheza kandanda. Basi mtu hujiambia kwamba pasipo na maji hapana cha kuchafuliwa, na kwamba vyovyote iwavyo mvua ikija itasomba kila kitu. Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu waliosoma, watu ambao wangeshtuka kuona mtu akitupa taka kwenye chemchemi za Mzima.

Mchanga huo una maji. Teremka wakati wa kiangazi, uende mbele kidogo ya mahali ambapo ng'ombe wamekanyaga, utakuta shimo lenye upana wa karai lililochimbwa kwa mikono na bakuli. Aliyelichimba amepiga magoti, mkono mmoja umezama hadi begani. Maji ya kwanza huyamwaga pembeni kwa kuwa yana vumbi. Ya pili huyasubiri yatulie, huchota bakuli moja, husubiri tena, humimina kwenye mtungi wa lita 20 uliofunikwa kitambaa mdomoni. Mtungi mmoja humla muda mrefu. Ukiinama ukatazama ukuta wa shimo utaona matabaka: mchanga mweupe, kisha mstari mweusi wa matope uliokamata nyuzi za gunia, vifuniko vya chupa na kipande cha nepi, kisha mchanga tena. Mstari ule ni mafuriko ya msimu mmoja. Taka hazikusombwa zikaenda. Sehemu yake imezikwa hapo hapo, na maji yanayonywewa yanapita katikati yake.

Ndivyo mito ya mchanga ilivyo kote katika nchi kavu. Chembe za mchanga mkubwa huacha nafasi kati yake, na maji hujificha humo. Yakiwa chini kiasi cha dhiraa moja na zaidi, jua haliyafikii kwa urahisi. Majirani zetu wa Kitui wamelijua hilo vizuri: tangu miaka ya 1990 wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, kuta fupi zinazokinga mchanga ili maji yabaki ndani yake hadi kiangazi. Wao mto mkavu wanauita ghala. Sheria yetu pia inalitambua jambo hili, kwa kuwa Sheria ya Maji ya 2016 inahesabu kuwa njia ya maji hata mkondo ambao maji hupita kwa vipindi tu. Kwa hiyo anayemwaga oili kwenye mchanga wa Voi mwezi wa Septemba amemwaga mtoni, sawasawa na anayemwaga mwezi wa Aprili, na ofisi iliyonyamaza Septemba imenyamaza mbele ya kosa.

Tena mchanga haufanyi miujiza. Huchuja vijidudu kwa kiasi fulani, hasa ukiwa mwingi na maji yakipita polepole. Nitrati inayovuja kutoka kwenye mashimo ya vyoo haichujwi na mchanga, wala sabuni, wala mafuta ya injini. Na mafuta hayo tunayo. Voi iko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na ndipo magari ya Mwatate, Taveta na Tanzania yanapokata kona. Malori hulala hapa, huoshwa hapa, hubadilishwa oili hapa. Mji wa ukubwa huu, wenye watu 53,353 katika sensa ya 2019, unaopokea pia madereva na wasafiri usiku na mchana, hauwezi kuachiwa mto mmoja wa mchanga uwe mtaro wake.

Na hao wanaosema itasomba, waulizwe itasomba ipeleke wapi. Kutoka mjini mto unaingia Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Bwawa la Aruba, ambalo limo kwenye picha nyingi za ndovu wa Tsavo, lilijengwa mwaka 1952 kwa kuukinga mto huuhuu. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu ni mbuga. Tunapigwa na ndovu mashambani, tunadai fidia, tunadai sehemu ya mapato ya watalii, na madai hayo ni ya haki. Kisha mvua ya kwanza ya Novemba inapeleka huko chini uchafu wa miezi mingi kwa siku moja.

Sasa niseme juu ya siku za usafi, ingawa najua nitawaudhi baadhi ya marafiki. Nimeshiriki, nimeshika reki kama wengine. Kuna fulana za rangi moja, glavu, hotuba mbili tatu na kamera. Vijana hufanya kazi ya kweli, jasho likiwatoka, wengine wakiingiza mikono mahali ambapo mimi sikuthubutu. Kufikia adhuhuri taka zimejaa magunia, magunia yamepangwa safu ukingoni, na kila mtu anasubiri gari. Mara moja gari lililoahidiwa halikuja. Nilipopita baadaye magunia yalikuwa palepale, mbuzi wameyatoboa, na chupa za maji tuliyokunywa siku ile zimerudi kwenye mchanga. Sitawalaumu vijana hata kidogo. Kosa halikuwa lao. Ninachosema ni kwamba kazi ya kila siku haifanywi na watu wa kujitolea mara mbili kwa mwaka, na kwamba picha za siku ile huingia kwenye ripoti kama ushahidi wa mafanikio. Mahali penye ukuta wa lawama juu ya tabia za watu, siku ya usafi huwa chokaa yake.

Haya, tuje kwenye pesa, kwa kuwa ndiyo kinga ya mwisho. Kaunti haina fedha, tunaambiwa. Ni kaunti ndogo, mgao kutoka Nairobi huchelewa, mishahara hula karibu zote. Mgao kuchelewa ni kweli, na kila kaunti imelia hilo. Lakini mambo makubwa yanayoharibu mto hayahitaji fedha kuyazuia. Yanahitaji kalamu. Kila karakana, kila mahali pa kuoshea magari, kila hoteli na kila bucha hufanya kazi kwa leseni ambayo kaunti hutoa na kufanya upya mwaka baada ya mwaka. Leseni inaweza kuwekewa masharti: shimo la kutenganishia mafuta kabla maji hayajatoka, pipa la oili chafu, risiti ya aliyeichukua. Asiyetimiza hapewi leseni mwakani. Lori la kunyonya vyoo nalo lina nambari, lina mwenye lori, lina kibali. Linapojaa saa tatu usiku linaenda kumwaga mahali, na mahali hapo panaweza kuandikwa kwenye kitabu kila safari. Hayo yote hayagharimu hata sehemu ndogo ya bei ya gari moja jipya la afisa.

Majengo ndiyo yanayonikasirisha zaidi. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira, zilikataza kulima au kujenga ndani ya ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika. Kanuni hizohizo zilisema maji machafu yanayoachiliwa kwenye mazingira yasiwe na kijidudu hata kimoja cha kinyesi katika mililita 100. Sasa ukiona nyumba ya kupangisha imekaa ukingoni na bomba la inchi nne limetokeza ukutani kuelekea mtoni, kuna mambo mawili tu. Ama ramani yake ilipita ofisini ikagongwa mhuri, na hapo tunataka kumjua aliyegonga. Au haikupita, na nyumba ya ghorofa ilijengwa mchana, kwa miezi, kwa saruji na mchanga uliobebwa na malori, bila mkaguzi kuiona. Mpangaji anayevuta maji ya choo katika nyumba hiyo hakuchagua bomba liende wapi. Kumwambia abadilishe tabia ni kumwambia asiende chooni.

Hapo mjadala hupelekwa Nairobi. Hiyo si kazi yetu, kaunti itasema, ni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. NEMA itakumbusha kwamba taka ngumu ni za kaunti. Kuna pia Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo hutoa vibali vya kumwaga majitaka, kuna kampuni ya maji, kuna idara ya afya ya umma. Mwananchi aliyechoka huishia kurudi nyumbani akiamini kwamba kweli ni yeye. Ndiyo maana naomba kila mtu Voi aijue kesi ya Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi. Wakazi, pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikayumbisha hukumu hiyo, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha fidia Desemba 2024. Kinachonihusu mimi hapa ni jinsi mahakama ile ya kwanza ilivyogawa mzigo. Kiwanda chenyewe, kilichotoa moshi na maji yenye sumu, kilibebeshwa asilimia 25. NEMA, ambayo haikuyeyusha hata betri moja, ilibebeshwa asilimia 40. Aliyepewa kazi ya kuangalia akakosa kuangalia ndiye aliyelipishwa zaidi. Mahakama haikuwauliza wakazi kwa nini waliishi karibu na ukuta wa kiwanda.

Sidai kwamba hukumu hutosha. Julai 2021 mahakama kama hiyo jijini Nairobi iliamuru uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi ukome, na jaa la Dandora lihamishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita jaa likiwa palepale. Na maji hayo huteremka yakawa Galana, yakakata Tsavo, yakamwagika baharini Malindi kwa jina la Sabaki. Amri bila watu wanaoifuatilia hubaki karatasi. Lakini wale watu wa Nairobi angalau walipata kuwa na karatasi, yenye majina ya waliopaswa kutenda. Sisi tumekwama barazani tukijilaumu.

Kuna nchi nyingine zilizopita njia hii. Machi 2022 samaki walielea wamekufa kwenye Mto Mara upande wa Tanzania, na kamati iliyoundwa na serikali, chini ya Profesa Samwel Manyele, ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe kuwa chanzo kikuu. Wananchi wengi hawakuridhika, na nawaelewa. Ng'ombe ni maelfu, wenyewe ni maelfu, na lawama ikigawanywa kwa maelfu hakuna anayeitwa ofisini. London nayo, kiangazi cha 1858, Mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa ukumbini. Hawakuwatangazia watu wa London waache kujisaidia. Walipitisha sheria kwa siku 18, wakaipa bodi moja fedha na mamlaka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa chini ya jiji. Tabia za watu wa London zilibaki zilezile za mwaka uliotangulia.

Wapinzani wangu wana kifungu kimoja wanachokipenda, nami nawapa haki yao. Kifungu cha 69 cha Katiba kinasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mazingira. Ni kweli, na mwenye karakana anayemwaga oili usiku akijua anachofanya ashtakiwe, awe ndugu yangu au ndugu yako. Ila kisomwe chote: wajibu huo ni wa kushirikiana na vyombo vya dola na watu wengine. Chombo kitangulie kuwa kazini ndipo nishirikiane nacho. Lori lipite Jumanne na Ijumaa kama lilivyopangwa, na mimi nitaliwekea gunia langu mlangoni. Nisipoliweka nitozwe faini, na sitalalamika.

Jambo moja linaniuma kama mtu wa Taita Taveta. Tunajua kudai. Tangu miaka ya 1950 bomba limechukua maji ya Mzima kutoka kwenye ardhi yetu kuyapeleka Mombasa, na kila mwanasiasa wetu, wa chama chochote, amesimama jukwaani kudai haki yetu ya maji hayo. Tunashangilia, na tuna haki ya kushangilia. Lakini anayedaiwa yuko mbali, na kumdai hakuna gharama. Mkuu wa idara ya mazingira wa kaunti yuko umbali wa nauli ya matatu moja. Mwakilishi wa wadi tunasali naye, tunazika naye. Bunge letu la kaunti liko Wundanyi, na mtu yeyote anaweza kulipelekea ardhilhali. Makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo huwa kuna vikao vya wananchi. Humo tunaomba barabara na basari, nayo ni mahitaji ya kweli, lakini ni nadra mtu kusimama akauliza ni shilingi ngapi zimewekwa kuzoa taka za Kaloleni, na za mwaka jana zilitumika kwa nini. Tumeogopa kumdai tunayemjua. Ni rahisi zaidi kumkemea mama wa nyanya.

Katiba, Kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani mazingira yanapoharibiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Huko kunaweza kuwa mwisho wa safari. Mwanzo wake ni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inaturuhusu kuiandika kwa Kiswahili, na haitutaki tueleze sababu ya kuuliza. Iulize mambo machache: lori la taka hupita Kaloleni siku gani, na dereva wake anasimamiwa na nani, maji ya Mto Voi yalipimwa lini mara ya mwisho, wapi, na matokeo yakawa nini, ni majengo gani ya ukingoni yaliyoidhinishwa na nani aliidhinisha, karakana na sehemu za kuoshea magari zilizopewa leseni mwaka huu zilikaguliwa na afisa yupi. Itiwe saini na wauza mboga, waosha magari, wapangaji na wenye nyumba, wale wote ambao wamekuwa wakinyoosheana vidole. Watu wawili waipeleke kwa mkono, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala hiyo itunzwe na mtu anayeaminika. Kuanzia mhuri huo, ofisi ina siku 21 za kujibu.